Kuchagua dakti ya fleksibo, Kisumu hadi Nakuru

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati viyoyozi vya kati, vile ambavyo mashine yake hufichwa juu ya dari na hewa ikasambazwa vyumbani kupitia mabomba ambayo sisi mafundi huyaita dakti. Makao yangu ni Kisumu, lakini kazi hunifikisha Kakamega, Kericho na Nakuru, na katika kuzunguka huko nimefikia msimamo ambao huutetea mbele ya kila mteja: dakti ya fleksibo, yaani bomba linalopindika, iliyovikwa kihami joto huchaguliwa kwa kuangalia kwanza mahali itakapolala, kisha ndipo bei na unene vikafuata. Ile inayofaa chini ya paa la mabati karibu na Ziwa Victoria huenda isifae katika nyumba ya Nakuru iliyo chini ya mlima Menengai, hata kama mashine ni zile zile na vyumba vina ukubwa ule ule.

Kwa ambaye hajawahi kuipasua, dakti hii ina tabaka tatu. Ndani kuna utumbo wa plastiki nyembamba ya poliesta, au wa karatasi ya alumini iliyobandikwa kwenye poliesta, nao hushikiliwa na waya wa chuma uliojiviringa kuanzia mwanzo hadi mwisho ili usibonyee. Juu ya utumbo huo kuna blanketi la sufi ya kioo, ambalo kwa kawaida huwa la milimita 25 au 50. Juu kabisa kuna ganda la nje, ambalo huweza kuwa la karatasi ya alumini iliyotiwa nyuzi za kuimarisha, la poliesta iliyopakwa rangi ya fedha, au la plastiki nyeusi au ya kijivu. Mnunuzi akiingia dukani huulizia utumbo kwa sababu ndio unaopitisha hewa, na huulizia sufi kwa sababu ndiyo inayozuia joto. Ganda la nje hupita bila kuulizwa, ilhali kwa watu wa ziwa hilo ndilo la kuangaliwa kabla ya yote.

Sababu yake ni umande. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa ziwa liko pale pale mlangoni, hewa yake hubeba mvuke mwingi, hasa katika miezi ya mvua za masika. Tuchukue alasiri ambayo nafasi iliyo juu ya dari ina nyuzi 28 za selsiasi na unyevu wa asilimia 70, hali ambayo hapa kwetu haimshangazi mtu. Hewa ya namna hiyo huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 22 kushuka chini, nayo hewa inayotoka kwenye kiyoyozi huwa na nyuzi 12 hadi 14. Kila mahali ambapo hewa ya darini itaufikia utumbo wa dakti, maji yatapatikana, na yatapatikana kila mashine inapowashwa. Vitabu vingi vya bidhaa hizi vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako shida ya mwenye nyumba ni kuona joto alilolilipia likipotelea darini, na ndiyo maana vinazungumza sana juu ya unene wa sufi. Mtu wa Kisumu akivifuata neno kwa neno atanunua sufi nene yenye ganda dhaifu, na msimu wa mvua utakapokwisha sufi hiyo itakuwa imelowa.

Niliwahi kuitwa na msimamizi wa nyumba moja ya wageni mjini, mama wa makamo ambaye alikuwa amepaka rangi dari ya ukumbi wake mara kwa mara, na kila mara madoa ya kahawia yakarudi pale pale. Alikuwa ameambiwa kwamba paa linavuja, na mabati yakabadilishwa. "Fundi," aliniambia, "ajabu ni kwamba siku ya jua kali ndiyo linavuja zaidi." Maneno hayo yalitosha kunielekeza, kwa sababu siku ya jua kali ndiyo siku ambayo kiyoyozi hufanya kazi bila kupumzika.

Nilipanda na tochi. Dakti ilikuwa imening'inizwa kwenye kenchi kwa waya wa kufungia nondo, na kila mahali waya ulipopita ulikuwa umeibana sufi hadi ikabaki na unene wa milimita 5 hivi, na penginepo ulikuwa umelikata ganda kabisa. Chini ya kila fundo la waya palikuwa na tone la maji lililokua polepole, likadondoka, na jingine likaanza kujikusanya mahali pale pale. Nilipolitia ganda kisu upande wa chini, pale lilipokuwa limetuna, maji yalimwagika juu ya mkono wangu yakateremka hadi kwenye kiwiko. Sufi ilikuwa imegeuka kutoka njano kuwa kahawia, na kwa uzito wa maji ilikuwa imeporomokea upande wa chini, ikauacha upande wa juu wa utumbo karibu uchi. Utumbo wenyewe, nilipoupapasa kwa ndani, ulikuwa mkavu kabisa. Maji yote yale hayakutoka kwenye mashine wala kwenye paa. Yalitoka katika hewa ya darini, yakaingia kama mvuke kupitia matundu ya ganda na kugeuka maji yalipokutana na ubaridi. Sufi iliyolowa haizuii tena joto, kwa hiyo ganda nalo huzidi kuwa baridi, na maji huzidi kuongezeka.

Hesabu ya fundo lile la waya si ngumu kuieleza. Ikiwa hewa ya darini ina nyuzi 28 na ya ndani ya dakti ina nyuzi 13, sufi ya milimita 25 ambayo haijabanwa huliacha ganda la nje katika nyuzi 24 hadi 26, kutegemea aina ya ganda, na kwa kuwa umande huanza kwenye nyuzi 22, ganda hubaki kavu. Sufi hiyo hiyo ikibanwa hadi milimita 5, ganda huteremka hadi nyuzi 22 au chini yake, na tone huanza. Tangu niione dakti ile sikubali waya wala kamba nyembamba. Mkanda wa kuishikilia dakti unapaswa kuwa na upana wa milimita 38 au zaidi, nao huwekwa kwa umbali usiozidi mita 1.2 kati ya mmoja na mwingine, ili dakti isilegee zaidi ya milimita 42 kwa kila mita. Vipimo hivi ndivyo wanavyovitumia watengenezaji wa Marekani katika miongozo yao ya ufungaji, na kwa hali ya hewa ya ziwani ninaviona kuwa kiwango cha chini kabisa.

Kuhusu ganda lenyewe, kuna jambo ambalo huwashangaza hata mafundi wenzangu. Ganda linalong'aa la alumini hupokea joto kidogo la mnururisho kutoka kwenye mabati ya paa, na kwa upande wa kuokoa ubaridi hilo ni jema. Lakini kwa sababu hiyo hiyo uso wake hubaki baridi kuliko uso wa ganda jeusi au la kijivu lililofungwa mahali hapo hapo, na kwa hiyo huwahi kupata umande. Pamoja na hayo, kwa Kisumu bado huchagua alumini iliyotiwa nyuzi, kwa kuwa mvuke haupenyi alumini isiyotoboka, na nyuzi zile huzuia mpasuko mdogo usienee. Ila nikishaichagua sikubali sufi ya milimita 25 mahali ambapo nafasi ya darini imefungwa pasipo hewa kupita. Poliesta iliyopakwa rangi ya fedha kwa juu tu siipendi hata kidogo. Inavutia ikiwa bado kwenye boksi, lakini fundi akiiburuta juu ya kenchi huchubuka, na mchubuko mmoja usioonekana unatosha kuanzisha yale niliyoyakuta kwa yule mama.

Dukani humwomba muuzaji afungue boksi mbele yangu. Wauzaji wengine hukasirika, wengine hukubali, na wanaokubali ndio ninaorudi kwao. Hulishika ganda kwenye ncha na kujaribu kulipasua kwa vidole pale lilipokatwa, kisha hulifuata pindo lake kwa urefu ili kuona kama gundi imeshika kote. Huichunguza sufi kama imeenea sawasawa au kama kuna mahali ambapo imekatika ikaacha pengo, kwa sababu pengo la upana wa kiganja hufanya kazi ile ile ya waya wa nondo. Hutazama nafasi kati ya mzunguko mmoja wa waya na mwingine kwenye utumbo: ukikaa mbali mbali, dakti itabonyea itakapowekwa upande wa kuvuta hewa, yaani ule unaorudisha hewa kwenye mashine, kwa kuwa kuhimili mvuto ni kugumu zaidi kuliko kuhimili msukumo. Mwisho hupima kipenyo cha ndani kwa futi yangu mwenyewe. Dakti ya milimita 200 ni ile ambayo utumbo wake una milimita 200. Ikishavikwa sufi ya milimita 25, kipenyo cha nje hufika 250, na nimeona watu wakiuziwa ya 200 kwa kupimwa nje, wakafika nyumbani na kitu kisichoingia kwenye shingo yoyote ya mabati, yaani mdomo wa kuungia dakti, waliyokuwa nayo.

Mizigo yetu mingi hutoka Nairobi kwa basi au lori, kupitia Nakuru na Kericho, na boksi la dakti likiwekwa chini ya magunia hufika limebonyea. Waya uliopinda haurudi vizuri katika umbo lake. Boksi la aina hiyo hulirudisha, hata kama mteja ana haraka.

Sasa niseme juu ya unene, ambao wengi huuliza kwanza. Chini ya mabati yasiyo na kinga yoyote, nafasi ya darini wakati wa adhuhuri huweza kupita nyuzi 45. Tuchukue dakti ya milimita 200 yenye urefu wa mita 6, inayopitisha lita 100 za hewa kwa sekunde yenye nyuzi 14. Kwa hesabu yangu, ikiwa haina kihami chochote, hewa hiyo itafika chumbani ikiwa imepanda kwa nyuzi 6 hivi, yaani karibu nusu ya ubaridi aliolipia mteja itakuwa imebaki darini. Sufi ya milimita 25 huupunguza upotevu huo hadi nyuzi 1 na nusu hivi, na ya milimita 50 huushusha hadi nyuzi 1. Msomaji ataona kwamba faida kubwa iko katika hatua ya kwanza, na kwamba hatua ya pili huleta kidogo. Kwa hiyo mteja wa Kisumu mwenye fedha za kutosha jambo moja tu, humshauri azitumie kwenye ganda zuri na maungio mazuri yenye sufi ya 25, kisha apitishe hewa kati ya dari na paa, kuliko kununua sufi ya 50 iliyofunikwa ganda la kuchubuka. Akiweza yote mawili, na achukue yote mawili.

Kuna wakati dakti huwa nzuri, ganda zima, sufi kavu, na chumba bado hakipoi. Hapo hutazama jinsi ilivyonyooshwa. Dakti ya fleksibo hufika ikiwa imekunjwa ndani ya boksi, na fundi mvivu huikata akiwa ameinyoosha nusu, kisha humwachia mteja urefu wote uliobaki umelala darini kwa mikunjo, akisema kwamba itafaa siku ya kuhamisha tundu la hewa. Mikunjo hiyo ya ndani huisumbua hewa. Kwa kadiri dakti inavyoachwa bila kunyooshwa, ndivyo presha inayopotea inavyopanda hadi mara mbili, na ikikunjamana sana hadi mara nne ya ile ambayo ingepotea kama ingenyooshwa kabisa. Feni ya mashine haina nguvu za kulipia deni hilo, kwa hiyo hewa hupungua, na mteja hudhani kwamba gesi imeisha. Nimekuta mashine zilizoongezewa gesi bila sababu, huku tatizo likiwa ni kisu ambacho hakikutumika kuikata dakti kwa urefu unaofaa. Kona nazo ni vivyo hivyo: kitovu cha kona kisikaribie dakti kwa umbali unaopungua kipenyo chake, yaani dakti ya milimita 200 izungushwe kwa nafasi isiyopungua milimita 200, la sivyo utumbo hukunjika ndani na kuziba njia bila dalili yoyote kwa nje.

Kipenyo nacho kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kwa kiasi kile kile cha hewa, ukitoka kwenye dakti ya milimita 150 ukaenda kwenye ya 200, presha inayopotea hupungua kwa karibu mara nne. Tofauti ya bei kati ya vipimo hivyo viwili ni ndogo ukiilinganisha na bei ya mashine. Mimi hupima ili mwendo wa hewa ndani ya fleksibo usizidi mita 4 kwa sekunde. Kwa dakti ya milimita 200 hiyo ni kama lita 125 kwa sekunde, na kwa ya 150 ni kama lita 70. Ukizidi hapo, chumba cha kulala huanza kuvuma usiku na mteja hupiga simu.

Kwa sababu hizo zote, ninaipenda fleksibo ikiwa fupi. Njia kuu ya hewa huiweka ya mabati, iliyokunjwa na mafundi wa jua kali na kuvikwa kihami kwa nje, kisha fleksibo hutumika mita 2 au 3 za mwisho, kutoka kwenye njia kuu hadi kwenye tundu la chumba. Hapo ndipo inapofaa kweli kweli: hukwepa boriti bila kuhitaji kona maalumu, hutuliza mtikisiko, na sufi yake hupunguza sauti ya feni isimfikie mtu aliyelala. Bidhaa zilizopimwa kwa kanuni ya Marekani iitwayo UL 181 zina lebo za aina mbili, na inafaa mnunuzi azijue. Lebo ya mstatili ni ya dakti kamili. Lebo ya mduara ni ya kiungio tu, ambacho hakiruhusiwi kupita futi 14, yaani mita 4 na robo hivi. Nimeviona viungio vya lebo ya mduara vikiwa vimeunganishwa kimoja hadi kingine kwenye jengo la ofisi, na aliyevinunua hakuwa na habari yoyote, kwa kuwa ganda la nje linafanana.

Nakuru hunibadilishia mambo. Mji ule uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku wake huweza kushuka hadi nyuzi 10, na mteja wa kule aghalabu huuliza joto kabla ya ubaridi. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka mashine ya kugeuza, ile inayopoza mchana na kupasha joto usiku, kwa ajili ya vyumba vilivyo upande wa nyumba usiopata jua. Alikuwa amesoma sana kabla ya kuniita, nami nilifurahi, kwa kuwa mteja aliyesoma huuliza maswali yanayomlazimu fundi kufikiri. "Mbona huko Kisumu unasisitiza ganda na hapa unasisitiza unene?" aliniuliza. Nilimjibu, "Mwalimu, hapa maji hayatakusumbua sana, lakini usiku dari yako itakuwa na nyuzi 12 na dakti itakuwa na nyuzi 38, na tofauti hiyo ya nyuzi 26 itakaa hapo hadi asubuhi." Kwa dakti ya mita 8, sufi ya milimita 25 ingempotezea nyuzi 2 hivi za joto kabla hewa haijafika kitandani, na ya milimita 50 ingempotezea nyuzi 1 na kidogo.

Isitoshe, hewa ya Nakuru ni nyepesi. Kwa mwinuko ule, lita moja ya hewa ina uzito unaopungua kwa asilimia 16 hivi kuliko pwani, na hapa Kisumu hupungua kwa asilimia 10. Feni husukuma lita zile zile, lakini kila lita hubeba joto pungufu, kwa hiyo kila nyuzi inayopotea darini huumiza zaidi. Ndiyo sababu kwa mwalimu nilichagua sufi ya 50 na ganda la plastiki ya kijivu, lililo nafuu kuliko alumini, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kugharamia vita na umande ambao kule hauji kwa wingi. Jambo moja tu nililihakikisha: plastiki hiyo isifikiwe na jua. Nyumba yake ilikuwa na kipande cha bati la kupitisha mwanga juu ya ngazi, na dakti niliizungusha mbali nacho, kwa kuwa miale ya jua hulikausha ganda la plastiki hadi likapasuka kwa kuguswa. Kwa sababu hiyo hiyo fleksibo haipiti nje ya nyumba wala juu ya paa, hata kwa muda.

Vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi nalo linahitaji kufikiriwa. Mikunjo midogo ya utumbo hushika vumbi ambalo mabati laini yangeliacha lipite, na kuisafisha fleksibo kwa brashi ni kuirarua. Upande wa kurudisha hewa huufunga kwa mabati kila inapowezekana, na kichujio hukiweka kwenye tundu la chumbani ambapo mwenye nyumba anaweza kukiona na kukiosha. Kisumu kichujio hicho hicho huziba kwa wadudu wa ziwa, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi, wakaingia majumbani jioni kwa kufuata taa.

Maungio ndiyo mahali ambapo kazi nzuri huharibikia. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walizijaribu njia mbalimbali za kuziba dakti kwa kuzipasha joto na kuzipoza mfululizo, na iliyoshindwa vibaya ni ile tepu ya kitambaa ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la dakti yenyewe. Nimeyaona hayo kwa macho yangu katika nyumba nyingi: tepu imekauka, inaning'inia kama jani, na hewa baridi inapulizwa bure darini. Utaratibu ninaoufuata ni kuusukuma utumbo peke yake juu ya shingo ya mabati hadi uingie sentimita 5 au zaidi, kuuziba kwa mastiki, yaani gundi nzito ya kuzibia, au kwa tepu ya alumini iliyopimwa kwa kazi hiyo, kisha kuukaza kwa klempu, yaani mkanda wa kubania. Baada ya hapo sufi huvutwa mbele hadi iguse kihami cha njia kuu, na ganda la nje hufungwa peke yake juu yake, likazibwa kwa tepu pande zote. Mafundi wengi huukaza utumbo, sufi na ganda kwa klempu moja, na kwa kufanya hivyo huibana sufi na kuuacha mdomo wake wazi kwa mvuke. Hapo Kisumu, tone la kwanza huanza kwenye shingo.

Moto pia una sehemu yake katika uchaguzi. Bidhaa iliyopimwa huonyesha kwenye ganda au boksi kwamba imefuata UL 181, ambayo huweka kikomo cha 25 kwa kuenea kwa mwali na 50 kwa moshi, au kanuni ya Uingereza ya BS 476. Isiyo na maandishi yoyote siifungi katika nyumba wanamolala watu. Na kwa wenye hoteli ningependa nieleweke bila utata: moshi wa jikoni, wenye mafuta, haupitishwi kamwe ndani ya fleksibo ya aina yoyote. Mafuta hukaa kwenye mikunjo, na siku yakishika moto dakti huupeleka mwali moja kwa moja hadi kwenye mbao za paa. Jikoni panahitaji chuma kilichounganishwa vizuri, kinachoweza kufunguliwa na kusafishwa.

Panya na popo ni wenyeji wa mapaa yetu, na sufi ya kioo haiwazuii. Kabla ya kufunga dakti huziba matundu ya paa kwa wavu wa chuma, kwa sababu ganda lililotafunwa haliponi kwa tepu kwa muda mrefu.

Kazi ikiisha, dari hubaki wazi kwa muda. Mashine huwashwa hadi itulie, nami hupima halijoto ya hewa inapotoka kwenye mashine na inapoingia katika kila chumba, nikiwa pamoja na mwenye nyumba ili asome kipimo mwenyewe. Tofauti ikiwa nyuzi 2 au pungufu, jua likiwa kali, huridhika. Ikizidi, hurudi darini na kuitafuta sehemu iliyobanwa au inayovuja. Kisha hupitisha kiganja kikavu chini ya ganda, kutoka shingo hadi shingo, na mahali popote kiganja kinapopata unyevu hufunguliwa na kufungwa upya kabla seremala hajarudisha bodi.